Tosha Kwanza Ile Saki

Bilonda alishuka kwenye pikipiki nyumbani kwao, Musonoi, mchana, begi lake kubwa likiwa mgongoni.

Alitoka Muanda, kwenye bahari. Kule alipika samaki katika nyumba ya wageni, na siku za mapumziko alitembea ufukweni hadi vijiji asivyovijua. Kila alichokiona alikipiga picha na kumtumia mdogo wake, mchimbaji wa kobalti kule Mutoshi. Alikuwa anarudi kumchukua, waondoke pamoja. Lakini alipokuwa njiani, simu ya mdogo wake iliacha kuita.

Mama alisimama mlangoni bila viatu, kitenge amekifunga kiunoni kama mfiwa. Hakumkumbatia. Alishika mkanda wa begi, akaanza kuuvuta ili alitoe mgongoni.

"Tosha kwanza ile saki, mutoto wangu."

"Mama, mudogo yangu iko wapi?"

"Tosha kwanza. Mutu wa muzigo ku mugongo habamwambiake kitu."

Nyuma yake wanawake wa kanisa walikuwa wameketi kwenye mikeka. Walikuwa wameacha kuimba. Ukutani ziliegemea buti za mdogo wake, udongo mwekundu umezikaukia hadi juu, na mtu alikuwa ameanza kuziosha akaishia kwenye moja.

Mikanda ilikuwa imemchubua Bilonda mabega tangu Lubumbashi. Aliikamata kwa mikono yote miwili, akaivuta ikambana zaidi.

"Haiko nzito, mama," akasema. "Haiko nzito hata kidogo."