Jogoo wa Mnada

Baada ya ibada, mzee wa kanisa alimwinua jogoo mwekundu kwa miguu na kuanza kumnadi, kama sadaka za mazao na mifugo zilivyonadiwa kila Jumapili.

“Elfu kumi. Nani anaongeza?”

Jogoo alikuwa wa Tumsifu, binti wa Eliakimu. Msichana huyo alikuwa amelala nyumbani, mguu umevimba. Mwenyewe ndiye aliyeomba jogoo wake atolewe sadaka ili Mungu amponye. Eliakimu aliona bei ile ni aibu, akanyoosha mkono ili wenye pesa wapandishe.

“Kumi na tano.”

Mwenye duka la mbao akasema ishirini. Eliakimu akasema thelathini. Mkewe, Aikande, akamvuta koti.

“Baba Tumsifu, hiyo ni pesa ya hospitali kesho.”

“Tulia. Ataongeza.”

Mwenye duka akatikisa kichwa, akitabasamu. “Mwacheni mwenzetu abarikiwe.”

Watu wakapiga makofi. Eliakimu akatoa noti zote zilizokuwa mfukoni mwa koti, akakabidhiwa jogoo.

Nyumbani, Tumsifu alimsikia jogoo kabla hajamwona. Akajiinua kwa viwiko, uso umelowa jasho la homa.

“Mama, Mungu kamkataa?”

Aikande alimgeukia mumewe, akangoja ajibu yeye. Eliakimu alichutama na kuanza kufungua kamba miguuni mwa jogoo, polepole, ingawa fundo lilikuwa moja tu. Jogoo alipoachiwa alijikung'uta, akatembea hadi kitandani, akasimama chini ya ule mguu uliovimba.