Kiti cha Fundi

Chama kilipokea wafanyabiashara wanaouzia wafanyabiashara wenzao, na kila fani ilikuwa na kiti kimoja tu, yaani mwanachama mmoja. Fundi cherehani aitwaye Sikudhani aliingia mkutanoni futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, maana alisahau kuivua. Mbele akamwona mzee mwenye futi shingoni vilevile. Akageuka atoke.

“Mwanangu, mbona waondoka?” mzee aliuliza.

“Kiti cha fundi kimeshakaliwa, baba.”

“Kwani wewe unashona nini?”

“Sare za wahudumu wa hoteli.”

Mzee akashusha pumzi ndefu. “Mimi hushona maturubai ya malori. Nilidhani umekuja kuning'oa!”

Akaondoa kofia yake kwenye kiti cha pembeni. “Keti. Mimi na mafundi wangu hatuna sare.”

Sikudhani akavua futi, akaanza kupima mabega ya mzee.