Ubao wa Chumba cha Kati

Emilienne aliinama tena mbele ya ule ubao, paji la uso likagusa sakafu. Kafula, msimamizi wa nyumba ya wageni ya serikali pale Nchelenge, alimtazama kutoka mlangoni kwa kero. Nani alimtuma mfagiaji naye asujudu?

Nyumba yenyewe aliijenga Pak, fundi Mkorea, kwa mtindo wa kale wa kwao: nguzo na boriti zilizoshikana bila msumari, paa la katikati limenyanyuka juu ya yale ya pembeni. Wageni walilala vyumba vya pembeni. Cha kati hakikulala mtu. Kwao, Pak alisema, humo husimama ubao wa mfalme, na kila ofisa anayefika huuinamia kana kwamba mfalme mwenyewe yumo. Alipotafuta ubao mkavu wa kuchonga na kupaka rangi, Emilienne ndiye aliyemletea kutoka ufukweni.

Sasa Pak amekwenda zake, na bwana mkubwa mmoja wa serikali ameamuru: Zambia haina mfalme, ubao uchomwe, chumba kitiwe vitanda.

"Ba Kafula, munipatie ile mbao," Emilienne alisihi. "Nitaificha kwangu."

"Mutu akiiona, mayo, kazi yangu inakwisha."

Hata hivyo, Kafula alimhurumia. Mumewe, Roger, alivuka ziwa kwenda Zaire na mtumbwi wake wenye alama ya samaki wawili, maana kila mvuvi wa kijiji chao cha Kabuta huchoma alama yake kwa chuma. Mwaka wa pili huu, kimya. Mama mkwe hakuchoka kuja kuuliza, na Emilienne hakubadili jibu: "Eko mu njia, mama. Atarudia." Bibi wa watu bado alimwekea mwanawe sahani.

Kafula aliusukuma ubao kwenye moto wa maji ya kuoga.

"Ni mbao tu," alisema. "Kama ni kumuombea bwana yako, kanisa iko."

Emilienne alifungua kitambaa cha kichwa, akaketi chini, akachota majivu akajipaka usoni, na akaangua kilio cha mjane, kile ambacho Nchelenge nzima hukijua.

"Unamulilia nani?" Kafula alishtuka.

Rangi ilibabuka motoni. Chini yake wakatokea samaki wawili.