Kila Dakika

"Mtandao ulikatika, Dada Tausi! Niseme mara ngapi?"

Mwanahawa, karani wa maabara ya hospitali, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta, mikono kiunoni.

"Programu yangu haikuona kitu," fundi Tausi alijibu. "Kila dakika huuliza kama waya wa mtandao uko hai. Kutwa nzima imejibiwa uko hai."

Mkononi alishika ripoti iliyosema mtandao haukukatika. Akiitia saini, majibu ya vipimo vya wagonjwa yaliyopotea siku hiyo yatakuwa kosa la Mwanahawa, na kazi yake itaishia hapo.

"Kila dakika?" Mwanahawa alicheka kwa hasira. "Basi hujalea. Mtoto ukimchungulia kila dakika utamkuta ametulia vilevile, na unga wote umeshamwagika."

Tausi akaigeukia kompyuta. Alikuwa na programu nyingine, fupi, aliyoiandika kwa C, lugha ya kompyuta. Hiyo haikuuliza, ilikaa ikisikiliza, na kiini cha mfumo wa kompyuta ndicho kilichoiambia papo hapo waya unapokatika au kurudi. Hakuwahi kuiwasha, kwa kuwa ile ya kwanza ndiyo iliyompatia sifa.

Akaiwasha.

Punde mistari ikaanza kushuka kwenye skrini. Umekatika. Umerudi, baada ya sekunde tatu. Umekatika. Umerudi, baada ya sekunde mbili.

"Kosa ni langu," Tausi alisema. Akaichana ripoti, akachukua koleo, akatoka kuufuata waya ukutani.

Nyuma yake Mwanahawa aliketi mbele ya skrini, akaisoma mistari kwa sauti, mmoja mmoja, kama anavyowaita wagonjwa dirishani.