Nungunungu na Mpiga Danzi

Zamani, wanyama walipokuwa bado na nafasi ya michezo, walishindana kupiga danzi, lile chungwa chungu, kwa rungu. Nungunungu, mwenye hasira za karibu, alikuwa shabiki wa timu ya Ngedere mdogo. Jana Ngedere alilipiga danzi likavuka mto. Leo alipiga hewa tupu.

"Mtoto huyu ataniua kwa presha!" Nungunungu akafoka. "Jana chui, leo kifaranga! Sirudi tena hapa!"

Fisi, shabiki wa wageni, akaangua kicheko. "Kweli kabisa, mzee mwenzangu. Huyo hajui kitu. Arudi kwa mama yake."

Miiba ya Nungunungu ikasimama yote. "Umesemaje?"

"Si nakuunga mkono tu?"

"Nani kakuomba? Mimi namsema kwa kuwa ni wetu. Wewe ulimlea?"

Nungunungu akamvamia kinyumenyume. Fisi akaondoka mbio, miiba imemganda matakoni.

Ngedere alikuwa amesikia yote. Akavimba kifua, akalishika rungu sawasawa, akapiga kwa nguvu zake zote. Akakosa tena.

Nungunungu akageuka kwanza kuhakikisha Fisi yuko mbali.

"Ovyo kabisa!" akafoka. "Kesho nawahi nafasi ya mbele, niuone vizuri huo upuuzi wako!"