Chakula cha Viwavi

Semkiwa aliuawa siku ya palizi ya pili, ndani ya mistari mitano ya mahindi ya kawaida aliyowaachia viwavi kwa makusudi. Kwingine kote shambani alipanda mbegu mpya ya maabara, ambayo kiwavi akiila hufa.

“Mchawi mkubwa wewe! Unafuga wadudu uwalete kwangu?” jirani yake Mbaruku alifoka.

“Sivyo, jirani. Wakikosa pengine pa kula wataizoea sumu ya mbegu mpya, tukose sote.”

“Basi kawafugie kaburini!”

Jembe la Mbaruku lilishuka mara tatu kichwani. Damu ilitapakaa kwenye majani yaliyotobolewa.

Mbaruku yuko gerezani, ila ndugu zake wapo. Msimu huu Mwanaidi, mjane wa Semkiwa, amewapandia viwavi chakula chao, na hupalilia akiwa na panga kiunoni.