Kaburi la Kipimo cha Chui

Bi Fuko ndiye aliyewachimbia makaburi nguchiro wote, wa mlimani na wa bondeni, na safari hii alichimba kwa hasira.

Kati ya koo hizo mbili kulikuwa na kisima cha mafuta. Chui alitoka ng'ambo akawagawia wa mlimani miiba yenye sumu. Fisi naye akatoka ng'ambo, akawagawia wa bondeni. "Jilindeni," walisema wote wawili. Ndugu wakachomana, na wageni wakawa wanakunywa mafuta bila bughudha.

Siku moja walikufa wawili, mmoja kila upande. Wakaletwa kwenye makaburi ya mababu zao, na wageni nao wakaja kuzika.

"Poleni sana," Chui alisema akijifuta machozi. "Tuko nanyi mpaka tone la mwisho la damu."

"Hata mimi," Fisi akadakia.

Mfiwa mmoja alichungulia shimo. "Bi Fuko, mbona kubwa hivi? Marehemu anaenea kwenye robo yake."

"La marehemu ni lile kule. Hili ni la Chui, na hilo la Fisi. Vita ni vyao, lakini makaburi arobaini yote yana watoto wetu. Haya, waheshimiwa, tone la mwisho ndilo hili. Nani anaanza?"

Wageni walirudi nyuma mpaka wakagongana, kisha wakatimua mbio bega kwa bega, midomo yao ikimeremeta mafuta yaleyale.

Bi Fuko hajayafukia mashimo hayo mpaka leo. Mgeni akija na miiba, humwambia kwanza alale humo, ampime.